Klima ya Mama Jioni

Watu wa Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walimpa Kabanyana jina la Mama Jioni, na mumewe, Anatole Kabanda, hakumsamehe hata mmoja wao. Si kwamba walimsingizia. Jua likiwa juu, mlango wa nyumba yao ulikuwa umefungwa na dirisha limeshushiwa kitenge kilicholoweshwa maji. Jua likishaegemea milima ya Isingiro, ndipo mwanamke yule alipotoka na jembe lake, akapalilia maharage mpaka asiuone mpini. Waliopita njiani walimsalimu, "Habari ya jioni, mama." Hakuna aliyekuwa na salamu nyingine ya kumpa.

Ukimuuliza Anatole yalianzaje, alikurudisha mwaka tisini na sita. Kila kitu alikianzia huko. Mkutanoni, mtu akiuliza bomba la maji limekufa lini, Anatole husimama, huvua kofia, na kusema, "Tuanze tisini na sita." Wengine hucheka, wengine hupiga miayo. Yeye hajali. Shule hakumaliza, kusoma alijifundisha kwa magazeti ya kufungia sabuni, lakini kichwa chake ni ghala lisiloingia panya. Anajua nani aliahidi nini, na siku ya kuahidi alivaa koti gani.

Tisini na sita, basi, huko Kongo. Uvira. Nyumba yao ilitiwa moto usiku, na waliotia walijulikana. Majina anayo Anatole, hadithi hii si yao. Kabanyana alikuwa ameshatoka nje aliposikia mtoto, Vanessa, akilia chumbani. Akarudi ndani. Mtoto alitoka mzima, amefunikwa na mwili wa mama yake kama yai chini ya kuku, ila kuku mwenyewe aliungua mgongo, mabega, mikono na mapaja. Usiku uleule wakakimbia. Walipofika Nakivale, vidonda vilifunga, na vilipofunga vilifunga na vinyweleo. Ngozi ile haitoi jasho. Daktari aliwaeleza vizuri: mwili wake ni chungu kilichozibwa kifuniko, joto linaingia na halina pa kutokea. Akikaa juani kidogo tu, kichwa kinazunguka, ulimi unakuwa mzito, anaanguka.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Watu huisema methali hiyo kwa mafumbo. Kwa Kabanyana haikuwa na fumbo hata chembe.

Na mwanamke huyo, enzi zake, alikuwa mtu wa jua na upepo! Huko Uvira Anatole alimwendeshea gari tajiri mmoja wa samaki, Pijo 404 ya rangi ya maziwa. Jumapili tajiri akiwa kanisani, dereva alimchukua mchumba wake wakafuata barabara ya ziwa. Pijo zile zilikuwa na kioo kidogo cha pembetatu kwenye mlango wa mbele, unakigeuza na kidole na upepo unakuja pale unapoutaka. Kabanyana alikigeuza mpaka upepo ukampiga shingoni, akatoa mkono nje, akafumba macho. Tajiri alikuwa akijisifu kwamba rafiki zake wa Bukavu wana magari yenye klima. Ndivyo walivyolifupisha Uvira lile neno refu la Kifaransa la mashine ya ubaridi. Kabanyana alikigonga kile kioo cha pembetatu kwa ukucha na kusema, "Klima yangu njo hii. Ya tajiri akae nayo."

Kwa hiyo, mtu aelewe alichokiona Anatole siku alipokwenda kulima kwa mjane mmoja wa Ruharo, mjini Mbarara, mwalimu mstaafu aitwaye Bi Anne. Nyuma ya nyumba, juu ya mawe, ilikaa Pijo 404. Haikuwa na matairi, na kuku walikuwa wametagia kiti cha nyuma. Rangi ya maziwa. Anatole aliweka jembe chini akaenda kugeuza kile kioo cha pembetatu. Kiligeuka. Alilia kama mtu aliyekuta ndugu yake hospitalini. Miaka kadhaa alilitengeneza gari lile, leo nati, kesho waya, na Bi Anne akamwacha aendelee. Mama yule alipofariki, watoto wake walikuwa na magari yao ya Kijapani. Wakamwambia Anatole, "Chukua, mzee. Chuma hiki kilikupenda wewe."

Tangu hapo Pijo likawa gari la harusi. Hakuna bibi harusi wa Misiera ambaye hakulipanda, limefungwa riboni, honi ikilia hadi Base Camp, penye ofisi za kambi. Mtu mmoja tu hajawahi kulipanda mchana, naye ni mke wa dereva.

Sasa Vanessa, yule mtoto wa motoni, akapata mchumba, fundi cherehani wa Mbarara. Mwaka elfu mbili na kumi na tano, mwezi wa saba, kiangazi kikavu, vumbi mpaka kwenye uji. Kanisa ni juu ya kilima cha Ruharo, Jumamosi, saa sita mchana.

"Mama, mutakuja na usiku wa Ijumaa," Vanessa alisema. "Mulale kwa shemeji, asubuhi mapema muingie kanisani kabla ya jua. Hakuna atakayewaona."

Kabanyana alikuwa akichambua mchele. Hakuinua macho.

"Hakuna atakayetuona," akarudia. "Vanessa, mimi nilitoka Uvira usiku. Nilipita misitu usiku. Nikaingia nchi za watu usiku kama mwizi. Mu harusi ya mtoto wangu siingii usiku. Nitaingia muchana, kwa mulango wa mbele, ama nitabaki hapa na kitenge changu cha maji."

"Mama, utaanguka!"

"Basi nianguke bakiniona."

Anatole alimjua mkewe. Neno lake likishatoka halirudi kuchukua fimbo. Akaanza kutafuta.

Kwanza alikwenda kule ambako mtu yeyote mwenye akili timamu angekwenda. Siku hiyo kambini kulikuwa na wageni wa mkutano, watu wa mashirika ya misaada, wamekuja na gari jeupe, refu, vioo vimefungwa. Wageni wamekaa chini ya turubai wakiwauliza watu juani mahitaji yao ni yapi. Gari limesimama pembeni, injini inanguruma, ndani hamna mtu. Anatole akamwendea dereva wake aliyekaa kivulini.

"Kaka, mbona inanguruma na haiendi?"

"Iko inapoza viti. Wakubwa wakirudi wasipate joto."

Anatole alisimama akaangalia viti vile vitupu vikipozwa. Akaeleza habari ya mkewe kwa upole, yeye ambaye upole hana. Safari moja tu, Jumamosi, kwenda Mbarara. Dereva akacheka bila ubaya.

"Mzee, mkimbizi na klima? Kesho utaomba ngazi ya umeme ya kupandia kitandani."

Nasema viti vitupu vilipozwa siku ile mpaka vikapata mafua, na mtu aliyeungua akabaki nyuma ya kitenge. Wanaotaka kusahau na wasahau. Anatole alilitia lile gari kwenye ghala la kichwa chake, pamoja na namba yake, akaenda zake Mbarara na Pijo.

Nyuma ya soko la Mbarara kulikuwa na fundi wa magari mwenyeji, Kayumba, mtu mnene mwenye kicheko cha ghafla. Kiswahili alikipata jeshini, kwa amri, na alikizungumza kama anayepanga matofali. Jumatatu asubuhi Anatole akamfikia.

"Minataka uniwekee klima mu motokari," akasema Anatole, "juu ya bibi yangu."

"Kilima?" Kayumba akauliza.

"Ndiyo, klima. Na ikuwe ya nguvu. Toka Nakivale mpaka hapa isichoke."

Kayumba akatikisa kichwa kwa huruma, akamwita bwana kwa lugha ya kwao. "Kilima mingi hiyo njia, ssebo. Mimi najua. Kabingo pale, Masha pale, kilima tupu."

Anatole alidhani anasemea yale magari ya wakubwa. "Zinapita mingi, kweli. Nyeupe nyeupe. Na mimi minataka yangu."

"Nyeupe?" Kayumba alikunja uso kidogo, akafikiri labda mzee anasema vumbi la barabara. "Hapana shida. Wacha gari. Alhamisi kuja. Bibi yako nafurahi."

Wakashikana mikono. Anatole alipanda bodaboda kurudi, moyo mweupe kama unga.

Alhamisi alifika akiwa amevaa shati la harusi kabisa, kuujaribu ubaridi nalo. Pijo lilikuwa limesimama katikati ya karakana, mgongo juu, pua chini, kama ng'ombe anayeamka, ambaye ameshainua miguu ya nyuma na ya mbele bado imepiga magoti. Kayumba alikuwa amelitia nyuma springi za pikapu, zile za kubebea ndizi.

"Panda, mzee!" alisema kwa fahari. "Sasa leta kilima yoyote. Hii gari itapanda kama mbuzi."

Anatole alizunguka gari mara ya kwanza, akazunguka tena. Akachungulia chini ya dashibodi.

"Klima iko wapi?"

"Kilima iko barabarani, ssebo! Mimi naweza leta kilima hapa karakana?"

"Klima!" Anatole alipaza sauti mpaka wauza matairi wakageuka. "Klima! Baridi! Ya kufanya hivi!" Akamsogelea fundi akampulizia usoni, pfuuu, kama anayezima mshumaa.

Kayumba alifuta uso. Kisha neno lilimwingia. Alichuchumaa, akashika gurudumu, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na grisi.

"Eh-eh! Mzee! Hiyo sisi naita eesii! Eesii! Wewe nasema kilima, mimi naweka springi!"

Anatole hakucheka. Alikaa juu ya tairi bovu akavua kofia. Kunyimwa kwa makusudi alikuwa amezoea, kunyimwa kwa dharau alikuwa amezoea, lakini kunyimwa kwa irabu moja tu kulimshinda. Kabla ya Jumamosi imebaki kesho tu. Akamweleza fundi mambo yote, akianzia tisini na sita, na safari hii mtu hakupiga miayo. Alipofika kwenye kuku na yai, Kayumba alikuwa ameacha kucheka kitambo.

"Sikia," fundi akasema. "Ile eesii ya mkanda, ile inafungwa kwa injini, hapana. Injini hii mzee kama wewe na mimi. Ikibeba ile, kilima ya kwanza nachemka, nakufa. Wewe nataka ya umeme. Nakula bateri, injini haijui."

"Ya umeme itatoka fasi gani leo?"

Kayumba akamwongoza nyuma ya karakana. Pale kililala kichwa cha lori la trela lililopinduka barabara ya Masaka, na mgongoni mwake mlikuwa bado na mashine ya ubaridi. "Dereva ya trela nalala ndani, injini kimya, baridi nakuja. Mwenye lori alisema uza chuma. Mimi sijauza."

Wakafanya kazi pamoja, mzee kwa fundi, Alhamisi ile na Ijumaa asubuhi. Sanduku lenye kompresa walilifunga juu ya keria ya paa. Kipuliza chake kikakaa nyuma ya kiti cha nyuma, kimeelekezwa mabega ya abiria. Mabomba yakapitishwa tundu moja tu, na Anatole aligeuka upande drili ilipogusa bati lile la rangi ya maziwa. Gesi ikajazwa. Kilichobaki ni bateri, mbili, kubwa, za lori, na hizo Kayumba hakuwa nazo.

Lakini Misiera zilikuwepo. Ezira, kijana wa Kikongomani, alikuwa na kibanda cha kuchajia simu, sola juu ya bati na bateri mbili za lori chini ya meza. Nusu ya Misiera ilining'inia pale kwa waya kila siku. Ijumaa mchana Pijo likasimama mlangoni, mgongo juu.

"Papa Vanessa," Ezira akasema alipoelezwa, "ukibeba hizi, Misiera yote itakuwa bubu. Bantu batanipiga."

Pascaline, msusi wa kibanda cha pili, alisikia. Yeye ndiye aliyesuka nywele za bibi harusi. Alitoka na chanuo mkononi.

"Nani atakupiga, Ezira? Nani anapigiwa simu Jumamosi? Siye wote tutakuwa mu harusi! Au wewe uko na mutu wa pekee unamungojea akuite?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mzee mmoja akachomoa simu yake kutoka kwenye waya, ikiwa haijajaa, akaitia mfukoni. Wa pili akachomoa. Wakafuata wengine. Ezira alisonya, akainama chini ya meza, akazivuta bateri mwenyewe.

Zilipotiwa kwenye buti, Kayumba, aliyekuja kufunga nyaya, aliinama kutazama. Mgongo wa Pijo ulishuka, ukashuka, ukakaa sawasawa, kama gari lililotoka kiwandani. Kwa springi za zamani buti lingeburuzwa chini.

"Unaona, mzee?" Kayumba akanong'ona, kama mtu kanisani. "Mungu alisikia kilima mbele ya mimi."

Jumamosi, jua likiwa limeshaanza kuuma, Kabanyana alitoka kwenye mlango wake. Alivaa mushanana wa kijani, vazi la sherehe la kwao, umefungwa begani juu ya blauzi ya mikono mirefu. Anatole alikuwa ameshaliwasha sanduku la paani, likinguruma. Akamfungulia mlango wa nyuma. Mama aliingia, akakaa, na ubaridi ukamshukia mabegani.

Akacheka kicheko ambacho mumewe alikuwa hajakisikia tangu barabara ya ziwa.

"Iko inanipumulia mu shingo kama mbuzi!"

Wakapita Misiera vioo vimefungwa. Watoto walidhani ni wageni wa mkutano, wakakimbia kando wakipunga mikono, mpaka mmoja akapiga kelele, "Ni Mama Jioni!" Kabanyana aliwapungia. Njiani alikuwa akishangaa kila kitu. Migomba. Mbuzi juu ya kichuguu. Walipopanda mahali ziwa linapoonekana, alishika bega la Anatole.

"Simamisha kidogo."

Ziwa Nakivale lilikuwa limelala chini ya jua, pana, linametameta.

"Kumbe liko na rangi," akasema. Miaka yote ile aliliona jioni tu, la majivu.

Anatole alipangusa pua akaendelea. Vilima vya Kabingo Pijo lilivipanda kama mbuzi, sawa na ahadi ya fundi. Lakini Masha, jua likikaribia utosini, walikuta ng'ombe wanavuka kwenda majini, wale wa pembe ndefu, kundi lisilo na mwisho wala haraka. Kabanyana, binti wa wafugaji, aliwasifu mmoja mmoja kwa rangi zao. Anatole alipiga honi, mchungaji akamtazama kama inzi. Na hapo sanduku la paani likabadili sauti. Lilinguruma chini zaidi, likakohoa, likanyamaza. Bateri za kuchajia simu zilikuwa zimetoa zilichonacho.

Joto liliingia mara moja, kama mdai.

"Nitageuza," Anatole akasema. "Pale iko kivuli ya kiduka. Utapumuzika mpaka jua ipoe. Vanessa ataelewa. Mama Vanessa, uliona ziwa, uliona..."

"Papa Vanessa."

"Sitakuzika juu ya harusi!"

"Anatole." Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu walipopata mtoto. "Sasa hivi mwili wangu uko baridi kama kisima. Umenibeba mpaka hapa. Klima imekufa, ni sawa. Kilima njo imebaki. Panda."

Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe, akashuka kwenye jua, akaingia mbele. Anatole alimmwagia kitenge maji ya dumu mpaka kikalowa chepechepe, akamfunika mabegani. Ng'ombe wa mwisho akavuka. Gari lilipoanza kwenda, Kabanyana alinyoosha kidole, akakigeuza kile kioo cha pembetatu. Upepo ukaingia, ukaupiga ule unyevu wa kitenge, ukampata shingoni. Akatoa mkono nje, mkono wa makovu, mbele ya macho ya kila mpita njia. Akafumba macho.

Anatole aliendesha. Barabara ilikuwa ya Masha, lakini mkono ule nje ya mlango, na kile kioo, na rangi ile ya maziwa mbele ya macho yake, vilimfanya ageuke mara kwa mara upande wa kulia kutafuta maji ya Ziwa Tanganyika. Kwa mara ya kwanza alirudi nyuma kupita tisini na sita, akakuta kule nyuma bado kuna watu wanaishi.

Kengele ilikuwa inalia walipoanza kupanda Ruharo. Kilima cha mwisho kile ni kirefu. Pijo halikuchemka. Mbele ya kanisa watu walikuwa wamejaa, na Vanessa, shela kichwani, alikuwa amekataa kuingia kabla mama yake hajafika. Alipoliona lile gari alifunika mdomo kwa maua.

Kutoka lango mpaka mlango wa kanisa hapakuwa na kivuli. Anatole alizunguka mbio kumfungulia mkewe, akamshika kiwiko, akamvuta ili wapite upesi. Uso wa Kabanyana ulikuwa umeanza kuwa mwekundu, lakini miguu ilikuwa yake. Mwanamke mmoja mwenyeji, asiyewajua, aliyekuwa akifagia ngazi, aliinuka na ufagio wake, akatabasamu.

"Habari ya mchana, mama."

Kabanyana alisimama pale pale, juani. Anatole alimvuta, hakuvutika. Alijinyoosha, akapanga vizuri mushanana begani.

"Ya muchana ni nzuri," akajibu. "Nzuri sana."

Ndipo akamshika bintiye mkono, wakaingia kwa mlango wa mbele.